Ufukwe Bora wa Taifa

Nchi yetu ni kisiwa. Nalisema hili mapema kwa sababu Serikali yetu ilichelewa kulijua. Kwa miaka mingi viongozi waliishi wakiipa bahari mgongo. Waliiona kama mtaro mkubwa ambao wakoloni waliuchimba wakaondoka bila kuufukia, na takataka zote za mji mkuu zilipelekwa huko kwa gari lenye bendera. Jina la nchi sitalitaja. Wizara ya Habari imelisajili, na kulitamka bila kibali ni kosa. Habari yenyewe nimeipata kwa watu wasiosema uongo, yaani watu wasio na vyeo.

Mambo yalibadilika asubuhi moja Mtukufu Rais alipokuwa akinywa chai. Aliletewa jarida la ng'ambo, lile ambalo matajiri wa nchi za baridi hulisoma kabla ya kuamua waende wapi kuota jua. Ndani yake walikuwa wamezipanga fukwe nzuri za nchi za joto, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Jirani zetu, ambao Mtukufu Rais huwadharau kwa moyo wake wote, walikuwa karibu na juu. Sisi tulikuwa wa mwisho kabisa, chini ya nchi isiyo na bahari, ambayo ilikuwa imesifiwa kwa bwawa lake.

"Kwani sisi hatuna fukwe?" aliuliza Mtukufu Rais.

"Tunazo, Mtukufu," alijibu msaidizi wake. "Zimeizunguka nchi nzima."

"Na kwa nini sikuambiwa?"

Msaidizi yule hajaonekana tena. Kabla chai haijapoa, Waziri wa Starehe na Mandhari alikuwa ameitwa Ikulu na kuamriwa atafute ufukwe mmoja, ulio bora kuliko yote, ili mwandishi wa lile jarida aletwe aone kwa macho yake na aone haya.

Waziri huyu ni Mheshimiwa Daktari Abdulaziz Tunu. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kikuu ambacho yeye mwenyewe alikifungua kwa kukata utepe, na mwaka uliofuata akakifunga kwa kukosa walimu. Ni mtu mnene, mwenye sauti nzuri, na kila anapozungumza huonekana kama anajisikiliza kwa raha. Papo hapo aliunda Tume ya Ufukwe Bora wa Taifa.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Profesa Kombo Lughano, bingwa wa milima. Nchi yetu haina mlima hata mmoja, na ndiyo sababu hakuna aliyewahi kumkosoa. Alisaidiwa na Kanali Mshamba Dadi wa Jeshi la Majini, ambaye hutapika akiona maji yanatikisika hata ndani ya glasi, na Bi Sauda, shemeji yake Waziri, ambaye sifa zake ni hizo. Katibu wao alikuwa Makame Vuai, mtumishi wa umma mwembamba, mpole, mwenye kipaji kimoja: aliweza kusema "ndiyo" hata kabla hajaulizwa. Kwa kipaji hicho alikuwa amewamaliza mawaziri wengi, wote wakaondoka wakimsifu.

Tume ilianza ziara. Popote ilipofika, askari walitangulia kuwaondoa watu ili ufukwe uonekane ulivyo. Kisha Profesa alibebwa kwenye kiti mpaka katikati ya mchanga. Aliteremsha mguu mmoja, ukiwa ndani ya kiatu na soksi, akakanyaga, akafumba macho.

"Unanyumbuka," alisema.

"Ndiyo, Profesa," alisema Makame. "Unanyumbuka sana."

Walipofika fukwe za kusini, Kanali alisema hakuna haja ya kwenda mbele, ufukwe bora umepatikana. Wenzake walishangaa, kwa kuwa palikuwa na mawe matupu. Wakati wanashangaa, mlinzi mmoja alichomoka nyuma ya ukuta mpya wa matofali, akapiga saluti mbele ya Kanali.

"Shikamoo, bosi. Karibu kwako. Saruji ya upande wa pili imekauka."

"Huyu ana malaria," Kanali aliwaambia wenzake. "Mwacheni, hajui anachosema."

Mashariki, Profesa alisema kitaalamu upepo wa pale hauna mfano duniani. Pale napo palikuwa na ukuta mpya. Kaskazini, Bi Sauda, aliyezama mchangani kwa viatu vyake virefu mpaka kwenye vifundo, alilia kwa uzuri wa mahali, na ukuta wake ulikuwa na rangi tayari. Waziri naye alipiga simu kutoka ofisini kukumbusha kwamba magharibi kuna machweo.

Kikao cha maamuzi kilifanyika katika ukumbi wa hoteli ya Serikali. Hakuna aliyekubali kushindwa. Profesa alimwita Kanali bandia, Kanali akamuuliza Profesa mlima wake uko wapi, na Bi Sauda akasema atampigia dada yake. Waziri aligonga meza mpaka glasi zikatikisika, na Kanali akatoka kidogo.

Makame alikuwa na njaa. Naamini njaa ndiyo iliyomponza. Alitazama dirishani akaona, mbali kidogo na pwani, Fungu Jeupe, lile tuta la mchanga linalotokeza baharini maji yanapokupwa, likimeremeta kama sukari.

"Labda pale, Mheshimiwa," alisema.

Wote waligeuka. Pale hapakuwa na ukuta wa mtu. Mahali ambapo nusu ya siku ni bahari hapapimwi wala hapatolewi hati. Maana yake, kama fungu lile lingeshinda, hakuna mjumbe wa Tume ambaye angeshindwa na mwenzake. Nyuso zililainika.

"Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo," alisema Waziri.

Makame aliingiwa na hofu kwa wazo lake mwenyewe. "Ila, Mheshimiwa, maji yakijaa fungu lile huwa halipo."

"Wadau wote watapelekewa ratiba ya sherehe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na bahari ni mdau au si mdau?"

"Ni mdau, Mheshimiwa."

"Basi!" alisema Waziri, na chakula kikaletwa.

*

Fungu Jeupe lilikuwa na wenyewe, lakini walikuwa wanawake maskini, kwa hiyo Tume haikuwaona. Walitoka kijiji cha Mwambakuu, kilichotazamana nalo. Kila maji yalipokupwa walivuka kwa mitumbwi yao kwenda kuchimbua kombe, wale chaza wadogo wa kuliwa, mchangani, na kombe hizo ndizo zilizolisha kijiji tangu wavuvi walipoacha kupata samaki. Mkubwa wao alikuwa Bi Mize Faki, mjane mwenye mabega mapana na ulimi usio na kufuli. Ndiye aliyekuwa ameinama, pakacha lake nusu limejaa, siku boti ya jeshi ilipofika.

Kanali hakushuka. Alikuwa amelala chali ndani ya boti, kitambaa cha maji usoni, akitoa amri kuelekea mbinguni.

"Nyinyi kina mama, ondokeni. Hapa sasa ni pa taifa. Mnaharibu mandhari."

"Mandhari ndiyo nini, baba?" aliuliza Bi Mize.

"Ni vile mahali panavyoonekana nyinyi mkiwa hampo."

Wenzake waliangua kicheko, lakini Bi Mize hakucheka. Alikuwa ameshaona bunduki. "Na sisi tutakula nini?"

"Watalii watakuja mtakula."

"Tutawala watalii?"

Askari walikamata mapakacha wakayamwaga baharini. Bi Mize alisimama akitazama kombe za asubuhi nzima zikizama, na aliniambia kwamba hasira aliyoisikia ilimshuka mpaka miguuni, akashindwa kupiga hatua. Mwenzake mmoja ndiye aliyemshika mkono akamwingiza mtumbwini.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya Mwambakuu. Watu walikula muhogo mkavu asubuhi na jioni, watoto wakaanza kuvimba miguu. Kila maji yalipokupwa fungu lilitokeza, jeupe, tupu, na mandhari yake yalikuwa mazuri sana.

Siku moja Makame alifika kijijini na gari la Wizara lililojaa kanga mpya. Alieleza kwamba siku ya uzinduzi wageni watapenda kuona utamaduni, na kwamba kina mama wa Mwambakuu wamepewa heshima ya kuwa utamaduni huo. Watacheza ngoma kwenye fungu. Mitumbwi yao iwekwe nyuma ya jukwaa na kupambwa kwa maua.

"Juzi tulikuwa tunaharibu mandhari," alisema Bi Mize.

"Ndiyo, mama," alisema Makame, na kwa mara ya kwanza neno lile lilimkwama kidogo kooni. "Lakini mkivaa sare mnakuwa sehemu yake."

Wanawake walikuwa tayari kumfukuza. Bi Mize aliwanyamazisha kwa jicho. "Tutacheza, mwanangu. Mwambie Waziri wako tutacheza mpaka achoke yeye."

Jioni aliwaeleza alichokuwa amekiona: kwamba kombe zimekaa wiki nyingi bila kuchimbuliwa, na kwamba mtu anayecheza ngoma peku hakuna anayemuuliza vidole vya miguu vinafanya nini mchangani.

*

Siku ya uzinduzi fungu lilitandikwa zulia jekundu. Paliletwa jenereta, vipaza sauti, viti vya plastiki vya wageni wa kawaida, na kwa ajili ya Waziri sofa la ngozi lenye miguu ya simba. Bibi Annelore, mwandishi wa lile jarida, alikalishwa kwenye sofa dogo. Alikuwa mzee mwenye kofia pana na tabasamu la mtu aliyezoea kufadhiliwa na serikali za ajabu. Kanali alitazama boti zilizowaleta wageni zikiinuka na kushuka, akashika tumbo, akaamuru zote zikae nyuma ya rasi kwa kuwa zinaharibu picha.

Sherehe ilipangwa ianze wakati maji yamekupwa kabisa. Ratiba ilikuwa sahihi. Waziri ndiye aliyechelewa, kwa kuwa waziri anayefika kwa wakati hudhaniwa hana shughuli. Alipowasili, akipungia mkono umati wa watumishi wake mwenyewe, maji yalikuwa yameshageuka.

Ngoma ilianza. Kina mama wa Mwambakuu walicheza kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Waliburuza miguu, wakazungusha visigino, wakainama wote kwa pamoja kama wanaokota kitu, wakainuka na kushika mikunjo ya kanga.

"Ngoma hii inahusu nini?" Bibi Annelore alimuuliza Profesa.

"Uzazi," alisema Profesa bila kusita. "Ule uinamaji ni ardhi. Ule uinukaji ni mlima."

Mikunjo ilipojaa, wachezaji walirudi nyuma kwa madaha hadi kwenye mitumbwi yao, wakamwaga mzigo chini ya maua, wakarejea kucheza. Wageni walipiga makofi kuomba warudie. Wakarudia kwa furaha.

Kisha Waziri alisimama kuhutubia. Aliwatambua waliokuwapo mmoja mmoja, kwa vyeo. Alipomaliza kuwatambua, maji yalikuwa yamelowesha ukingo wa zulia. Makame alimsogelea.

"Mheshimiwa, maji."

"Asante, sina kiu."

Aliendelea. Alisema chini ya uongozi wa Mtukufu Rais nchi imepata bahari. Alisema jirani zetu wana mchanga, lakini sisi tuna maono. Maji yalifika kwenye vifundo. Wageni walitazamana, lakini itifaki ya nchi yetu iko wazi: Waziri akiwa anahutubia, hakuna anayeinuka. Mabalozi waliinua miguu wakaikunja juu ya viti.

"Mheshimiwa," Makame alinong'ona tena, na sauti ilikuwa inamtetemeka, kwa kuwa hakujua kuogelea. "Bahari imefika."

Waziri aliangalia chini, akaangalia kamera. "Ndugu wananchi, hata bahari imekuja kutusikiliza!"

Makofi yalipigwa, yakiambatana na sauti ya maji. Jenereta lilikohoa likazima. Waziri alipandisha sauti. Wimbi moja, si kubwa, lilipita katikati ya meza kuu na kuondoka na viti vya safu ya mwisho, na wageni wawili wa heshima wakiwa bado wamevikalia. Hapo itifaki ilikufa. Watu walipiga mayowe, wakakimbilia katikati ya fungu, ambapo napo palikuwa panapungua. Profesa alipanda juu ya jukwaa akakumbatia nguzo ya bendera. Bi Sauda alimpanda Profesa. Kanali aliteremka chini ya meza kuu na kutapika kwa utaratibu. Boti zilikuwa nyuma ya rasi, na mtu wa kuziita alikuwa ndiye huyo.

Maji yalipomfika Waziri kiunoni, sofa lake liliinuka taratibu, likageuka, likaondoka kuelekea ng'ambo. Alilitazama kama mtu anayesalitiwa na chama.

"Makame," alisema. "Nibebe."

Makame alimtazama. Alitazama tumbo lile, tai ile, kinywa kile ambacho bado kilikuwa wazi kama kinasubiri kumaliza sentensi. Alifungua mdomo kusema neno alilolisema maisha yake yote, na likatoka jingine.

"Hapana, Mheshimiwa."

Kisha aligeuka akaenda, maji kifuani, kumshika mkono Bibi Annelore, ambaye kofia ilikuwa imeshaondoka na tabasamu pia.

Kina mama walikuwa tayari ndani ya mitumbwi. Wangeweza kwenda zao. Bi Mize aliniambia kwamba alilifikiria jambo hilo, na kwamba hakulifikiria kidogo. Lakini aliona vijana wa kupiga ngoma na wahudumu wa chai wakihangaika majini pamoja na wakubwa, na mtu anapozama huwezi kumuuliza cheo. "Rudini," aliwaambia wenzake. "Anzeni na wadogo."

Walikwenda na kurudi, wakawavuta watu kama mizigo. Bibi Annelore na Makame waliingizwa pamoja. Mwisho mtumbwi wa Bi Mize ulifika kwa Waziri, ambaye alikuwa amebaki kichwa na kipaza sauti. Kanali alikuwa ameng'ang'ania ubavuni mwake.

"Mwaga hizo takataka!" Kanali alifoka alipoona kombe zimejaa chini. "Mheshimiwa atakaa wapi?"

"Atakaa juu yake," alisema Bi Mize. "Hizi haziondoki. Asiyependa na abaki, hapo ni pa taifa."

Mheshimiwa Daktari Abdulaziz Tunu alipanda. Alikaa juu ya kombe mpaka Mwambakuu, na kwa kila kasia alitoa mguno mdogo, kwa kuwa kombe zina kingo.

*

Redio ya Taifa ilitangaza kwamba uzinduzi ulifana na kwamba Waziri alirejea nchi kavu kwa miguu. Bibi Annelore alipandishwa ndege akiwa amefungwa blanketi, na nasikia sasa anaandika kuhusu majumba ya makumbusho. Makame alifukuzwa kazi kwa kutumia neno lisiloruhusiwa katika utumishi. Wanawake wa Mwambakuu hawakupewa asante, ila walidaiwa kanga.

Tume ya Uchunguzi, chini ya Profesa Kombo Lughano, iligundua kwamba bahari haikuwa na kosa. Kosa ni la fungu: lilikuwa fupi. Dawa yake ilikuwa kulipandisha, yaani kulifanya mlima, na hapo Profesa alilia, maana alikuwa ameusubiri mlima tangu ujana wake.

Malori yalianza kazi. Mchanga ulikombwa kusini, mashariki, kaskazini na magharibi, ukapakiwa kwenye mashua pana na kumwagwa juu ya Fungu Jeupe. Kila siku fungu lilipanda, na kila siku bahari ilipanda ikalishusha. Mkuu wa kazi alipotoa taarifa, aliambiwa aongeze malori. Waliendelea mpaka fukwe zote zikabaki mawe na mizizi, na msimu wa upepo wa kusi ulipoingia, mawimbi hayakukuta kitu cha kuyazuia. Yaliubomoa ukuta wa Kanali, yakaumeza wa Profesa, yakasafisha rangi ya Bi Sauda. Yale machweo ya Waziri sasa yanatazamwa kutoka barabara kuu, kwa kuwa kiwanja hakipo. Hilo halimsikitishi mtu. Lakini yaliondoka pia na jiko la Bi Mize na nyumba kadhaa za Mwambakuu ambazo wenyewe hawakuwahi kujenga ukuta wala kusifia ufukwe wowote. Bi Mize alihamia kwa dada yake upande wa juu wa kijiji, na kwa siku nyingi hakutaka kusikia neno bahari.

Bahari ilikuwa na shughuli zake. Mchanga wote ule wa Serikali ilikuwa imeuchukua ikauweka pengine, nyuma ya miamba, mahali ambapo kabla hapakuwa na kitu. Makame ndiye aliyepaona kwanza. Alikuwa amekuja kuishi Mwambakuu, anajifunza kupiga kasia na kuogelea, na watoto wanamcheka. Alimwita Bi Mize akamwonyesha. Lilikuwa fungu refu, jeupe kuliko lile la kwanza, na ndani yake kombe zilikuwa zimeshaanza kujizika. Bi Mize alishuka, akazamisha vidole vya miguu. Halafu alimtuma Makame akawaite wenzake.

Wako huko mpaka leo, maji yakikupwa. Mwezi uliopita boti ya jeshi ilipita karibu. Kanali alikuwa amelala chali, kitambaa usoni, akitafuta Ufukwe Bora wa Taifa kwa mara ya pili.

"Nyinyi kina mama! Hapo mlipo pakoje?"

Wanawake waliacha kuchimba. Bi Mize alinyoosha mgongo, akazungusha macho juu ya mchanga ule unaometa, maji ya kijani, na anga lisilo na wingu.

"Pabaya, baba," alisema.

"Pabaya kweli?"

"Pananuka. Kuna mbu. Mchanga unachoma miguu, na jana nyoka kamuuma huyu." Alimwonyesha Makame, ambaye kwa adabu zote alianza kuchechemea.

Kanali hakuinua kitambaa. Aliamuru boti igeuke, akaripoti Wizarani kwamba upande ule hapana kitu.

Na mimi, msomaji wangu, nimefika huko wiki iliyopita. Nimekaa kutwa nzima. Naomba uniamini: ni pabaya mno, usiende.